Niko Muzima, Jina Yangu Iko ku Soko

Mu Lubumbashi yote hii hakuna muntu anaweza kunidanganya miye. Muulize bale bote balionidanganya: batawaambia nilibasumbua sana mbele ya kukubali.

Miye ni Mama Mpumbu. Ku ubatizo balinipa Céline, lakini ile jina inajulikana na Mungu na padri tu, na padri mwenyewe anaisahauka. Ku soko bananijua kwa samaki: mpumbu ya Kasenga, iliyokaushwa ku moshi, haina muchanga, haina funza. Mwenye kukuta funza, anirudilie. Nitamuambia ni nyama ya bure.

Juma iliyopita niliwaacha nikiwa maiti. Kwa yule ambaye hakusoma, nieleze upesi, maana kufa kwangu hakukuwa kurefu.

Mujukuu yangu Plamedie, mwenye kutumika mu duka ya matelefone kule mujini, alinifungulia duka ya samaki mu internet. Jina yake: mamampumbu.com. Muntu anafungua telefone, anaona samaki, anaagiza, pikipiki inamupelekea. Ilienda muzuri. Halafu siku moja bantu bakafungua, na pahali ya samaki bakakuta masanduku ya maiti. Masanduku ya kung'aa, na maneno: "Bei nafuu, tunakufikishia nyumbani." Juu yake, kwa herufi kubwa, jina yangu.

Bantu ni bantu. Mbele ya saa sita lupango yangu, kiwanja na nyumba yake, ilijaa: viti vya plastiki, turubai, bamama ba parokia na nyimbo zao. Nikatoka ku choo, nikakuta dada yangu Constance anajigaragaza ku udongo: "Céline hakuwa na choyo! Céline hakusengenya muntu!"

Nikasimama pale, nikasikiliza mpaka mwisho. Nani anakatizaka maneno muzuri?

Na kwa sababu haiwezekane kufukuza bantu ba matanga bila kula, nilipika bukari, njo ugali, ya matanga yangu mwenyewe. Ntumba njo alikula kupita bote. Ntumba ni yule mwenye meza kando ya meza yangu ku soko, mwenye kuuzisha samaki ambayo... hapana. Nimekwisha kufa mara moja, sitaki kufa tena nikiwa na zambi.

Bantu balipoenda, Plamedie akanivutia kiti.

"Nkambo, ikaa. Jina imeanguka."

"Imeanguka wapi? Twende tuiokote."

"Wakati yake iliisha. Jina ya internet haununuake ya milele. Unaipanga, kama nyumba. Kila mwaka unalipa tena."

"Weye uliniambia tumenunua!"

"Banasemaka kununua, mais ni kupanga."

"Kumbe ni sawa vile ndoa."

Plamedie hakucheka. Akanieleza: ile kampuni yenye kuandikisha majina ilituma barua mingi mu internet, kutukumbusha. Barua ikaenda ku adresi yake ya zamani, ile ya telefone bamwizi balichukua ku Katuba. Kiisha mwaka kupita, bakatuvumilia siku fulani: ungelipa bei ya kawaida, wangekuachia. Kiisha bakatupa siku ingine ya kukomboa, na faini juu. Sisi tulikuwa tunauzisha samaki, tunacheka. Kiisha bakaiachilia.

"Na ikiachiliwa, ni ya nani?"

"Ya mwenye kuidaka. Kuko bantu kazi yabo ni kuchungulia majina yenye kuwa karibu kuanguka. Banaweka foleni mbele. Ikiachiliwa tu, bameidaka."

"Kama kuku na panzi."

"Njo vile, Nkambo."

"Na duka yetu? Na ile picha yangu nimeshika mpumbu?"

"Yote iko. Nyumba haikubomoka. Jina ni kama namba ya lupango, duka ni nyumba ndani. Nyumba imesimama, mais sasa ile namba inapeleka bantu kwa muntu mwingine."

"Mwenye masanduku."

"Hapana, ule wa masanduku analipa tu tangazo. Mwenye kudaka jina ameiegesha. Parking. Hajengi kintu, anatundika matangazo ya bengine akingojea muteja. Angalia hapa chini."

Nikavaa miwani. Chini ya masanduku, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: Jina hii inauzishwa.

"Nani?"

"Amejifunika. Zamani ungeuliza tu, ungeona jina na avenue ya mwenye kuiandikisha. Sasa bantu banaficha. Kuko njia moja tu, ya kumuandikia."

"Ni Ntumba."

"Nkambo! Mama Ntumba hajue hata kutuma message!"

"Njo maana amejifunika."

Sasa musifikiri nilikuwa nalilia masifu. Kuko mupishi wa hoteli moja kubwa ya mujini, sitaitaja, anakamataka samaki yangu kila juma. Alinitelefonia. "Mama, patron ameona masanduku ya maiti pahali ya samaki. Kama mpaka siku ya posho hamujarudisha ile jina, anasema nikamate kwa Mama Ntumba." Posho, njo Jumamosi, sisi watoto ba wafanyakazi tunaiitaka bado vile, hata kama posho yenyewe hatuione tena.

Na kuko ingine. Bwana yangu alitumika ku reli. Alipokufa, ndugu zake balikuja. Nyumba ni ya kwao. Lupango ni ya kwao. Kitanda, balizunguka wakiiangalia mpaka mbao yenyewe ikaona haya. Kintu kimoja tu hakuna ndugu aliweza kusema ni ya kwao: Mama Mpumbu. Ile nilijipatia mwenyewe, ku soko, kwa moshi na machozi ya moshi.

"Tuchukue mukia ingine," Plamedie akasema. "Hii iliyopotea ni ya .com. Ile ya .cd, ya Kongo, iko huru."

"Ni nini tofauti?"

"Ni kama namba moja ya lupango mais commune mbili, kama Ruashi na Katuba."

"Basi bateja bananitafuta Ruashi, na miye niko Katuba napunga mukono. Hapana. Nataka ile yangu."

Plamedie akapumua. "Bon. Lakini sikiliza. Kwanza, asijue ni weye. Akijua mwenye jina njo anaitaka, bei itapanda mpaka ku mbingu. Kuko bakomisioneri, banaendaka kusema bei pahali yako..."

"Komisioneri! Yule wa mwisho alimuuzishia kaka yangu lupango. Kuchimba musingi tu, akakuta bantu bamelala ndani, na misalaba yabo."

"Basi tutafanya sisi benyewe."

Hivi njo alizaliwa Madame Abigaïl wa Johannesburg, tajiri, mujane, mupenda samaki. Plamedie akamuandikia mwenye jina. Jibu ikarudi upesi kabisa: "Mimi ni Monsieur Léonard, Bruxelles." Bei aliyotaja ilikuwa bei ya congélateur yangu ya kugandisha, na samaki yote ndani, na mama mwenye kuikalia juu. Kiisha akaongeza: "Fanyeni upesi, kuko mununuzi mwingine."

"Muambie tunataka kusikia sauti yake," nikasema. "Miye sinunue kwa muntu asiye na mudomo."

"Na makuta, pesa yenyewe, hatutume vile vile tu," Plamedie akasema. "Kunakuwaka kampuni ya katikati. Tunaweka makuta kwao. Yeye anafungua kufuli ya jina, anatupa kode ya kuihamisha. Jina ikiingia mukononi mwetu, njo kampuni inamupa makuta yake."

"Kama shangazi mwenye kushika mahari mpaka bibi harusi afike."

"Ee! Umeelewa!"

"Basi Osée atashika."

"Nkambo, nimesema kampuni!"

"Kampuni gani inamupita Osée?"

Nibaeleze Osée. Ni mukwe yangu, bwana ya binti yangu Léa. Tangu amuoe, sauti yake sijaisikia. Kwetu, mukwe hasemi na mama mukwe uso kwa uso, ni haya kubwa. Bengine bameiacha desturi hii, siku hizi bakwe banaketi na bamama bakwe, banakunywa pamoja, banabishana mupira. Osée, hapana. Akifika, anabakia ku mulango ya lupango, anageuza mugongo, anakunja viganja na kupiga makofi ya heshima, po-po, po-po, pole pole, kama muntu anakung'uta unga ku vidole. Neno yake anamunong'oneza Léa, na Léa ananiletea. Miye najibu kwa sauti kubwa, asikie. Kama bantu bote ba Kongo bangekuwa bakwe zangu, inchi hii ingetengenea.

Tukiwa bado tunabishana, Léa akaingia. Anakaa avenue ya nyuma, ukuta moja na Ntumba.

"Mama, Papa Dorcelle ametelefona." Njo vile anamuitaka Osée, kwa jina ya binti yabo, mwenye kusoma na kulala ku internat. "Kamio imezama mu matope, njia ya Kasenga. Hata leo hawatatoka."

Osée ndiye mwenye kuniletea samaki kutoka Kasenga mu ile lori. Roho ikaniuma. "Masikini! Na mvua hii! Muambie asisukume kamio, mugongo yake ni ya kuheshimia, haiko ya kusukumia."

"Nitamuambia. Mama, ungenipa unga kidogo. Na samaki mbili."

"Uko peke yako, samaki mbili?"

"Niko na njaa, Mama."

Nikamuchagulia mbili, zile zenye mafuta. Mwanamuke akikosa bwana, anakulaka na huzuni yake, na huzuni inapenda samaki.

Sasa nifike ku kosa yangu. Plamedie alisema tunyamaze, na Madame Abigaïl alinyamaza. Lakini miye si Abigaïl peke yake.

Hapa kwetu, kama unaogopa shemeji atauzisha lupango nyuma ya mugongo yako, haunyamaze. Unakamata rangi nyekundu, unaandika ku ukuta: LUPANGO HII HAIUZISHWE. Ukuta yangu iko nayo tangu bwana alikufaka. Na inasaidia! Shemeji Séverin ameleta bateja mingi. Wanafika, wanasoma, wanaangalia viatu vyao, wanarudia.

Basi nikatuma rangi. Chini ya maneno ya zamani nikaongeza: NA JINA PIA.

Nikarudi nyuma kuitazama. Ilikuwa muzuri. Ila nikawaza: mwizi wa internet hapitake ku avenue yetu. Atasoma wapi? Lazima asikie.

Nikamuita Jérémie, mwenye kuuzisha dawa ya panya. Iko na megafoni yenye kurudilia maneno yenyewe bila kuchoka. Bantu ba quartier hii tunaota ndoto na ile sauti. Tukaongeza maneno yangu ku maneno yake. Malipo: samaki, kazi ikiisha.

"Anzia avenue ya Ntumba," nikamuambia. "Asubuhi kabisa. Saa sita uwe umemaliza, uende mbali. Saa sita niko na kazi." Njo ile saa, Ijumaa, Léonard alikubali kututelefonia.

Plamedie aliposikia, akashika kichwa. "Nkambo! Sisi tuko Johannesburg!"

"Abigaïl iko Johannesburg. Mama Mpumbu iko hapa. Kila muntu afanye kazi yake."

"Na yule Léonard?"

"Si iko Bruxelles? Megafoni ya Jérémie haivukake hata mutaro."

Siku yenyewe ikafika, Ijumaa. Asubuhi, Jérémie hakuonekana. Nikafikiri amepita nikiwa ku jikoni. Kumbe alikuwa anatafuta mapili, zile betri ya megafoni. Saa sita ikikaribia, Plamedie akasikia kitu mbali, akasimama mbio. "Nkambo, ni yeye! Njo anaanza! Niende nimunyamazishe. Weye ukitelefoniwa, kumbuka: usionyeshe njaa!"

Akatoka akikimbia. Telefone ikalia.

Nikatia kitambaa ku mudomo. Kifaransa yangu ni ya primaire, ile bamasère, masista ba shule, balitutia kwa fimbo: najua kuomba ruhusa ya kutoka, na kusifu ngombe. Lakini mujane tajiri hana haja ya maneno mingi. Nitawaandikia kwa Kiswahili, tusiteseke bote.

"Allô? Madame Abigaïl?" Ilikuwa sauti ya mwanaume, inapitia puani, kama ya muntu amebanwa ku mulango.

"Mwenyewe. Huku Johannesburg jua ni kali."

"Huku Bruxelles barafu inaanguka."

"Pole. Bon, nimeiangalia jina yako. Si jina ya maana. Ni ndefu, na iko na harufu."

"Madame, ile ni jina fupi, inasemeka muzuri, na .com, ile bantu bote banajua. Na tena ina sifa. Ule mama anajulikana."

"Nimesikia alikufa."

"Hapana, hapana! Iko muzima. Ni... ni bantu banasema vile."

"Nimesikia ni mubaya."

"Si mubaya, Madame. Anasema mingi tu. Banasema hata mukwe yake anamuogopa."

Damu ikanipanda. "Mukwe yake ni muntu wa heshima!"

"Oh, ile ni kweli, Madame," akajibu, na sauti ikapata joto. "Ile ni kweli kabisa. Banasema ni kijana muzuri sana. Anachoka kwa ajili ya ule mama, na hakuna muntu anamushukuru."

Nikabakia mudomo wazi chini ya kitambaa. Angalia namna sifa ya Osée imefika mpaka Ulaya! Nikasema ndani ya roho: akitoka mu matope, nitamuambia. Kwa Léa, lakini nitamuambia.

"Turudi ku jina," nikasema. "Kufuli, umeifungua?"

"Nitaifungua."

"Kode ya kuhamisha?"

"Niko nayo hapa mukononi."

"Basi makuta tutaweka kwa kampuni ya katikati."

"Aaa, Madame, kampuni ya nini kati ya bantu benye heshima? Tuma tu kwangu, leo. Ule mununuzi mwingine anaharakisha. Ni mama moja naye mwenye samaki."

"Ntumba!" nikapiga kelele.

"Sikutaja jina, Madame. Kule Johannesburg munamujua Ntumba?"

"Ni jina ya kawaida huku," nikasema. "Kila avenue iko na Ntumba yake."

Nikapangusa jasho. Basi Ntumba hakuwa mwizi; alikuwa muteja! Kesho, posho, hoteli ingefungua mamampumbu.com na kukuta Ntumba ameketi mule, na picha yake, na ile samaki ambayo sisemi. Nikaiangalia congélateur yangu. Ilikuwa inanguruma pale ku kona kama ngombe asiyejua ni siku gani. Nikafungua mudomo kusema: nakubali.

Njo pale nikasikia.

Haikutoka inje. Ilitoka ndani ya telefone. Kutoka Bruxelles.

"Panya! Mende! Kunguni! Bote balale! Jina ya Mama Mpumbu haiuzishwe! Mwenye kuinunua, panya atamukula vidole! Panya! Mende! Kunguni!"

Nikatoa telefone ku sikio, nikaiangalia. Nikairudisha.

"Monsieur Léonard. Ni nini ile?"

"Ile? Ile ni... televizio, Madame."

"Televizio ya Bruxelles inasema Kiswahili?"

"Huku kuko Bakongo mingi, Madame."

"Na bale Bakongo banasumbuliwa na panya?"

"Sana. Sana, Madame. Ni baridi njo inaingiza panya ndani ya nyumba."

Nikafunika telefone mu kitenge, nikacheka mpaka machozi. Nimemushika! Mwizi hakuwa Ulaya. Alikuwa avenue ya nyuma, karibu na Ntumba, anasema na miye puani, na barafu yake ya uongo! Ilibakia kumuuliza polepole, nyumba kwa nyumba, kama muntu anatoa mifupa mu samaki. Nikakohoa kitajiri.

"Na dirisha yako, Monsieur Léonard, inaangalia wapi?"

"Inaangalia... kanisa kubwa. Na soko ya maua."

"Muzuri. Hakuna turubai ya bluu? Hakuna mama moja munene anaanika ndakala ku bati?"

Nikamusikia anafunga dirisha. Ndakala ile, samaki ndogo kama dagaa, ilikuwa ya Ntumba.

Sasa, Plamedie, yule mutoto ana mbio lakini hana bahati. Alimukuta Jérémie, akamupungia mikono kutoka mbali, kusema nyamaza, simama. Jérémie akaona mujukuu yangu anakimbia kumukuta na mikono juu. Akaelewa kitu kimoja tu: samaki ya malipo iko tayari. Akageuka, akakuja mbio ku lupango yangu. Sauti ikapungua mu telefone. Ikaanza kuongezeka mu sikio ingine.

Nikaruka kufunga dirisha. Iko na kioo kimoja tu. Ingine ni carton.

Jérémie akasimama ku mulango yangu. Na kwa kunishukuru mbele ya kula, akapandisha sauti mpaka mwisho.

"PANYA! MENDE! KUNGUNI! JINA YA MAMA MPUMBU HAIUZISHWE!"

Megafoni ikarudilia. Na ikarudilia tena.

Kiisha ule mwanaume wa telefone akauliza, taratibu kabisa:

"Madame Abigaïl. Johannesburg nako kuko Bakongo mingi?"

Sikujibu kwa Kifaransa. Kifaransa yote ilikimbia, na ngombe yake. Nikang'oa kitambaa, nikamupigia kelele na sauti yangu mwenyewe, ile inavukaka soko muzima:

"Mwizi weye! Mutoto wa nani weye? Unalala na jina yangu, unaivalisha masanduku ya maiti, unaniua niko muzima! Miye njo Mama Mpumbu! Taja nyumba yako, nikuje nikukaushe ku moshi pamoja na kode yako!"

Nikasikia telefone inaanguka ku meza. Nikasikia kiti inasukumwa, kama muntu amesimama mbio, kama muntu amegeuza mugongo.

Kiisha, mbali kidogo, pole pole, kama muntu anakung'uta unga ku vidole:

Po-po. Po-po.

Nikaketi chini ku udongo.

Njia ya Kasenga. Kamio. Matope. Nikatafuta maneno ya kumutetea, kijana muzuri sana, sifa yake imefika Ulaya. Labda kuko muntu mwingine mu quartier mwenye kupiga makofi vile. Labda ni desturi inarudi. Sauti ya mukwe yangu sijaijuaka, sikuweza kuapa ku korti.

Lakini ile sauti iliyofuata, nyuma ya makofi, niliizaa miye mwenyewe:

"Papa Dorcelle, mbona unainamia ukuta? Acha ile telefone, kuja ule. Samaki ya Mama inapola."